Kidole na malenge: kisa cha mtoto wa miezi 17 mjini Busia

"Huyu mtoto haongei, daktari," mama yake aliniambia hata sijaketi. "Wenzake wa mlango wa pili wanaita mama, wanaita maji. Wangu ananitazama tu."

Mtoto mwenyewe, nitakayemwita Wandera kwa kuwa majina yote humu nimeyabadilisha, alikuwa mgongoni mwa nyanya yake, amefungwa leso hadi mabegani. Alikuwa na miezi 17. Nilimpungia mkono. Alinitazama kwa muda mrefu, kisha bega lake la kulia likatikisika kidogo chini ya leso. Siku hiyo sikulitia maanani. Nililikumbuka wiki mbili baadaye, nilipotambua kwamba mtoto alikuwa amenijibu.

Mimi si daktari, ila nimechoka kukanusha. Nafanya kazi ya tiba ya usemi na lugha huku mashariki mwa Uganda, kazi ambayo wengi hawajapata kuisikia. Chuo Kikuu cha Makerere kilianza kuifundisha kwa kiwango cha shahada mwaka 2008, na hadi leo tulioisomea ni wachache mno kwa nchi nzima. Ndiyo sababu nikibisha hodi, mara nyingi hudhaniwa nimekuja na wembe. Mama Wandera naye aliuliza: jirani amesema kamba ya ulimi ikatwe, je, ni kweli? Nilimsubiri Wandera alambe uji uliomganda mdomoni. Ulimi ulitoka nje vizuri, ukapanda hadi mdomo wa juu. Hapakuwa na cha kukata.

Wanaishi kwenye nyumba za kupanga za mstari mmoja, upande wa Uganda, karibu na barabara ambako malori hujipanga kungoja kuvuka mpaka. Baba ni utingo wa lori, anafika nyumbani mara mbili au tatu kwa mwezi. Mama anauza dagaa sokoni. Siku za kununua mzigo anashuka Majanji ziwani kabla hapajapambazuka. Nekesa, dada wa miaka tisa, yuko shule hadi saa kumi. Anayeshinda na mtoto ni nyanya, mama mzazi wa baba. Nyanya anasema Kisamia, mama na baba Kiswahili, majirani Kiganda. Samaki yule yule anayelipa kodi ya nyumba, Wandera humsikia akiitwa dagaa na mama yake, omena na wateja waliovuka kutoka Kenya, na mukene na jirani. Watu walishamwambia mama kwamba lugha nyingi ndizo zilizomfunga mtoto kinywa. Si kweli. Watoto wa mipakani wamekulia ndani ya lugha tatu tangu zamani na wanaongea, na lugha zaidi ya moja nyumbani hazimletei mtoto ulemavu wa usemi. Kinachotakiwa ni kuhesabu maneno yake ya lugha zote kwa pamoja, badala ya kupima Kiswahili peke yake na kumwona ana upungufu.

Masikio ndiyo yaliyotangulia kwenye orodha yangu. Alipokuwa na miezi kumi alitoka usaha sikio moja, kwa hiyo nilimwandikia barua ya kwenda kupimwa usikivu hospitali ya rufaa. Majibu yalichukua wiki tano: anasikia vizuri pande zote mbili. Kwa mtoto asiyetamka neno kipimo hiki hakirukwi, hata kama nyumba nzima inaapa kwamba hugeuka akisikia honi. Honi ya lori la mizigo huisikia hata mwenye nusu ya usikivu. Hatukukaa bure tukingoja majibu, lakini kama yangekuwa mengine, kisa hiki kingechukua njia nyingine kabisa.

Ziara ya kwanza niliiharibu mwenyewe. Nilizungumza na mama peke yake kwa sababu ndiye aliyeniita. Nikamwelekeza aketi na mtoto uso kwa uso nusu saa kila siku, nikamwachia seti ya picha nilizozoea kutumia: tufaha, mashua ya tanga, mbwa juu ya sofa. Aliitikia kila kitu kwa heshima. Mama huyu anatoka saa kumi na mbili asubuhi na kurudi saa moja usiku, mtoto keshaanza kusinzia. Niliporudi juma lililofuata, picha zilikuwa kabatini ndani ya bahasha, zisichafuke. Wandera hajawahi kuona tufaha, sembuse mbwa juu ya sofa. Nilikuwa nimempa kazi mtu asiyekuwepo, juu ya vitu visivyokuwepo.

Ziara ya tatu nikaacha kushauri. Nilimwomba nyanya ruhusa ya kukaa tu uani, tangu saa nne hadi saa sita, nikiangalia mtoto anavyoshinda. Alicheka, akaniletea kigoda. Nyuma ya fomu niliweka alama kila Wandera alipojaribu kumwambia mtu jambo, na alama nyingine kila alipojibiwa.

Aliinua mikono miwili mbele ya nyanya, akabebwa. Hiyo ilijibiwa. Akiwa chini tena, aliokota mfuniko wa sufuria, akatembea nao hadi kwa nyanya, akauweka mapajani pake, akamtazama usoni. Nyanya aliuchukua, akaurudisha jikoni. Wandera akaufuata, akauleta tena. Ukarudishwa tena. Ilipofika zamu ya uji aligeuza uso pembeni, kijiko kikazunguka kikaukuta mdomo huko huko. Jogoo alipita: mtoto akamtazama jogoo, akamtazama nyanya, akamtazama jogoo. Nyanya alikuwa akichambua mboga. Mtoto wa jirani alipokuja na chupa ya njugu, Wandera aliishika, akashindwa kuifungua, akaisukumia mkononi mwa yule mtoto. Ilijibiwa, kwa mtindo wa watoto: ilifunguliwa, na njugu zikaliwa na mfunguaji. Kisha lori likanguruma barabarani. Wandera akageuka, mkono ukapanda, kidole cha shahada kikanyooka kuelekea barabara. Nyanya alikifunika kwa kiganja chake taratibu, bila hasira. "Hatunyoshi vidole."

Hadi saa sita nilikuwa na alama kumi na nne za kujaribu na nne za kujibiwa. Mtoto aliyesemekana anatazama tu alikuwa ameongea na nyumba nzima asubuhi hiyo, na mbele yangu ziara mbili nzima.

Hapa lazima nieleze kwa nini niliyapa uzito mambo madogo namna hii. Ishara za mtoto mchanga ni za aina mbili, na mwaka 1975 mtafiti Elizabeth Bates pamoja na wenzake wa Italia, Luigia Camaioni na Virginia Volterra, waliandika juu ya tofauti hiyo: kuna ishara ya kutaka kitu, kama mikono inayoomba kubebwa au chupa inayoombewa kufunguliwa, na kuna ishara ya kumshirikisha mwenzako, kama mfuniko unaoletwa uonekane au lori linalonyooshewa kidole bila kuhitajika. Mtoto hana haja na lori. Anachotaka ni nyanya alione naye. Aina hii ya pili ndiyo ninayoitafuta kwa hamu zaidi, kwa sababu mazungumzo yote ya watu wazima yamejengwa juu yake: wewe na mimi tunatazama jambo moja, mmoja anasema neno. Watoto wengi huanza kuonyesha, kukabidhi, kupunga mkono na kunyoosha kidole kati ya miezi tisa na kumi na nne hivi. Huko Chicago, Meredith Rowe na Susan Goldin-Meadow walifuatilia familia 50, na mwaka 2009 wakatoa matokeo: watoto walioeleza mambo mengi zaidi kwa ishara wakiwa na miezi 14 ndio waliokuwa na msamiati mpana zaidi wakiwa na miezi 54, yaani karibu na umri wa kuanza shule. Nao watoto hao walikuwa na wazazi wanaotumia ishara nyingi. Chicago si Busia, najua. Lakini mfuniko wa sufuria ni mfuniko wa sufuria.

Nikarudi kwenye kidole. Nilimuuliza nyanya, kwa adabu, kwa nini hatunyoshi. Alinitazama kama mtu anayejiuliza nimelelewa wapi. Mtu mzima akinyooshewa kidole ni matusi. Kaburi likinyooshewa, ng'ata kidole chako haraka. Na malenge machanga, yale pale ukutani, alisema, akiyaonyesha kwa kuchomoza midomo, yakinyooshewa kidole yanaoza yangali mabichi.

Sikuwa nimekwenda pale kubishana na malenge. Nilikua nikisikia yale yale kwa nyanya yangu mwenyewe, na hadi leo sipitishi kidole juu ya kaburi. Nikamuuliza: "Mama, wewe ulipokuwa mdogo, ukitumwa malenge na hujui ni lipi, ulionyeshaje?"

Alikunja ngumi, akaisukuma mbele kidogo, fundo la kidole likitangulia. "Hivi."

"Na mtu?"

Akachomoza midomo tena, safari hii upande wa mlango wa jirani, na sote tukajua anamsema nani.

Basi ishara zilikuwepo nyumbani, tena za adabu, ila hakuna aliyewahi kufikiri ni kitu cha kumpa mtoto wa miezi 17. Tulikubaliana Wandera afundishwe ngumi kwa vitu vya shambani na kiganja wazi kwa watu. Nilibakiwa na ombi moja. Watafiti wengine hukipa kidole cha shahada uzito kuliko kiganja, na kwa kuwa mtoto huyu alikuwa amekifikia mwenyewe, sikutaka kizimwe. Nikaomba vitu visivyooza wala kutukanika viruhusiwe: ndege, mwezi, malori. Nyanya aliufikiria mwezi kwa muda, akaukataa. Malori aliyakubali.

Tulichofanya baada ya hapo hakikuhitaji kifaa chochote, ila kilikuwa kigumu kuliko picha.

Kigumu kuliko vyote kilikuwa kusubiri. Katika nyumba yenye upendo mtoto hupewa kabla hajaomba. Nekesa alikuwa bingwa: akirudi shule, kikombe kinafika kabla kiu haijafika. Nilimwomba akishike kikombe mahali Wandera anapokiona, amtazame usoni, ahesabu moja hadi tano kimoyomoyo. Akifanya lolote, mkono, jicho, hata mguno, ampe hapo hapo na kutaja neno. Asipofanya kitu, aonyeshe yeye mwenyewe mkono wa kuomba, ampe. Hakuna kumnyima mpaka alie. Nasisitiza hili kwa sababu nimekuta nyumba ambako ushauri wa kusubiri uligeuka adhabu, mtoto analia mbele ya maziwa huku mtu mzima akimwambia "sema maziwa". Nekesa alifaulu siku ya tatu. Siku mbili za kwanza alihesabu hadi mbili tu.

Neno "sema" lenyewe nililipiga marufuku. Baba akipiga simu, simu iliwekwa sikioni mwa Wandera na kila aliyekuwepo akaanza: sema baba, sema! Mtoto aliganda. Nilimwandikia baba ujumbe nikimwomba asiulize chochote, aongee yeye tu, na ikiwezekana apige kwa video, amwonyeshe lori na kumpungia. Alituma jibu la herufi mbili, "sw", nikadhani hajasoma. Jumapili hiyo alipiga kwa video akiwa juu ya tela.

Leso nayo ilihitaji marekebisho. Sina ugomvi na kubeba mgongoni. Mtoto analala, anasikia moyo wa mtu, nyanya anabaki na mikono ya kufanyia kazi. Ila aliyefungwa hadi mabegani mikono yake iko gerezani, na aliyembeba hamuoni uso. Mtoto anaweza kupunga saa nzima, nje likaonekana bega tu. Tulishusha fundo lipite chini ya makwapa ili mikono itoke. Kwa safari fupi, dukani au bombani, nyanya alianza kumbeba ubavuni, nyuso zikionana. Alilalamika kiuno. Tukaishia na safari moja kwa siku.

Jambo la mwisho lilikuwa kujibu, na hapa nyanya alinishinda. Nilieleza kwamba mtoto akileta mfuniko, mwenye kuletewa autazame, aseme "mfuniko", kwa lugha yake yoyote, amrudishie. Nyanya aliongeza lake: aliupiga kwa kijiko, ukalia, akamkabidhi. Mfuniko ule ukaletwa mara ishirini siku hiyo. Majuma yaliyofuata kila kilichookotwa uani kililetwa, na kwa lugha tatu: nyanya alitaja kwa Kisamia, jirani akadakia "amazzi" wakati Nekesa anasema "maji", na hakuna aliyemsahihisha mwenzake.

Kuna wazazi, hasa wa Kampala, wanaonionyesha video kwenye simu za watoto wachanga wakifundishwa ishara maalumu za maziwa, za chakula, za "tena", wakiuliza kama nami nafundisha. Siwakatazi, hazidhuru. Lakini utafiti uliofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka 2013, wa watoto 40, haukuona lugha ya waliofundishwa ikiwatangulia wengine. Kilichobadilika kidogo ni akina mama, waliokuwa wepesi zaidi kumsoma mtoto. Hilo nyanya wa Busia analipata bure kwa mfuniko wa sufuria. Na nikiwa hapo: ishara hizi zisichanganywe na Lugha ya Alama ya Uganda, ambayo ni lugha kamili ya viziwi yenye sarufi yake, na Katiba ya mwaka 1995 inaitaka serikali iendeleze lugha ya alama kwa ajili ya viziwi. Mtoto kiziwi anahitaji lugha hiyo, mapema.

Wiki ya tatu baada ya leso kushushwa, Wandera alimpungia mkono dereva wa bodaboda, na dereva, Mungu ambariki, akapunga. Bodaboda zilizaliwa mpaka huu huu, vijana wakivusha abiria kwa baiskeli kutoka boda hadi boda, na mtoto wa hapa hawezi kukosa wa kumpungia. Wiki ya tano alijifunza kutikisa kichwa kukataa. Hakuna aliyenishukuru kwa hili. Uji ulirudi jikoni siku tatu mfululizo. Niliwaambia kichwa kikitikiswa, kijiko kishuke angalau mara moja, mtoto aone kwamba "hapana" yake imefika, halafu ajaribiwe tena baadaye. Wiki ya saba, kidole kwa lori, kisha uso ukageuka kumtafuta nyanya kama ameona. Nyanya alisema, "Lori. La baba?"

Neno la kwanza lilikuja akiwa na miezi 19, "lo", kidole kikiwa hewani. Akiwa na miezi 20 daftari la Nekesa, ambaye nilimpa cheo cha mkalimani na akakichukua kwa uzito wote, lilikuwa na maneno tisa ya lugha tatu. Ninalolipenda zaidi si neno bali alichofanya asubuhi moja: alinyoosha kidole kwenye malapa yaliyo mlangoni na kusema "baba". Malapa ya baba. Nusu ya maana ilikuwa kidoleni, nusu mdomoni. Watafiti Jana Iverson na Susan Goldin-Meadow walionyesha mwaka 2005 kwamba watoto huunganisha ishara na neno namna hii kabla hawajaunganisha maneno mawili, kwa hiyo nilimwambia mama asubiri maneno mawili, yako njiani. Kwa mama hayo yalikuwa malapa tu.

Sitadai kwamba sisi ndio tuliomfanya aongee. Mtoto anayeelewa anachoambiwa, anayetazama nyuso na mwenye ishara nyingi, mara nyingi huwafikia wenzake hata akichelewa, na Wandera alikuwa hivyo tangu asubuhi ile ya alama kumi na nne. Ningehofu zaidi kama fomu yangu ingebaki tupu: mtoto wa umri huo asiyeonyesha, asiyeleta kitu, asiyegeuka akiitwa jina, au aliyekuwa akipunga mkono kisha akaacha. Huyo hasubirishwi nyumbani kwa ushauri wa leso. Anapelekwa kuchunguzwa mara moja. Maneno "wavulana huchelewa" yamewapotezea watoto wa aina hiyo miaka. Watoto hupelekwa kituo cha afya kwa chanjo ya surua wakiwa na miezi tisa, na tena miezi 18 kwa dozi ya pili. Laiti muuguzi angeuliza, sindano ikiandaliwa, "Anakuonyesha vitu?" Swali hilo halihitaji bajeti.

Nilikwenda mara ya mwisho siku ya Jumapili, mama akiwepo. Alisema bado haongei sana kama wa mlango wa pili. Nyanya hakumjibu, alichomoza midomo tu kuelekea kwa Wandera, aliyekuwa amechuchumaa penye malenge, ngumi imekunjwa, akilionyesha lililo kubwa na kutugeukia mmoja mmoja, kwa zamu, mpaka kila mtu alipolitazama.

Nilipoaga alikuwa mgongoni tena, leso chini ya makwapa. Nilipunga. Alipunga kwa mikono yote miwili, karibu amwangushe nyanya.

"Mkono mmoja," nyanya alimwambia, bila kugeuka. "Miwili ni ya kupokea."